Klia ikikunja rangi, tafuta kilicho chini yake kabla ya kubadilisha kampuni

Ndugu uliyeuliza kutoka Ndeeba, Kampala: umesema mlango wa Toyota Premio ya rangi ya fedha ulikuwa safi mpaka ulipopiga klia ya 2K (rangi angavu ya juu, inayochanganywa na hadina, yaani kigandishi), kisha rangi ikajikunja kuzunguka puti (lipu ya kujazia mabonde) kama utando wa maziwa, na fedha yenyewe haikulingana na fenda. Umeuliza ununue klia ya kampuni gani. Bakia na uliyonayo. Tatizo lako liko chini.

Gari la Japani linafika hapa na rangi ya kiwandani, lakini baada ya miaka kadhaa barabarani mlango huo unaweza kuwa umepigwa rangi mara mbili, na mara nyingi ni NC (rangi ya selulosi) au sintetiki (rangi ya mafuta), kwa sababu ni rahisi na inakauka bila hadina. Rangi hizo hata zikikauka kabisa, thina (kimiminika cha kuyeyushia rangi) kali iliyomo kwenye beisi (rangi yenyewe, chini ya klia) na klia inazipenya na kuzivimbisha. Pembezoni mwa puti, ulipopiga msasa, umekata matabaka yote na kuyaacha wazi. Hapo ndipo thina inapoingia, na hapo ndipo panapojikunja kwanza.

Kabla ya kugusa kazi yoyote, lowesha kitambaa cheupe kwa thina, ukibandike kwenye rangi ya zamani dakika mbili. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ni NC. Ikivimba au kujikunja, ni sintetiki. Isiposogea, ni ya kiwandani au 2K, na unaweza kujenga juu yake. Fanya hivyo mahali ambapo hapajapigwa msasa: beisi ya kiwandani ikifunuliwa chini ya klia yake nayo hutoa rangi, ukadhani ni NC.

Kwa mlango wako, kwangua mpaka bati au mpaka rangi ya kiwandani. Kuziba NC kwa praima (rangi ya msingi) nyingi ni kuahirisha tu. Kwenye bati tupu piga praima ya epoksi, ikauke, isugue kidogo kwa msasa, halafu puti juu yake. Usiweke puti juu ya praima ya asidi, maana asidi inaharibu ukaukaji wa puti na itabanduka. Hadina ya puti ni kama gramu 2 kwa gramu 100. Najua mvua ikikaribia mkono unaongeza, lakini hadina iliyozidi haina kazi ya kufanya ndani ya puti, inapanda juu na kutia madoa ya njano kwenye rangi nyeupe na ya fedha.

Na tafadhali, acheni kusugua puti kwa maji! Puti inanyonya maji kama sponji, praima inayafungia ndani, kisha gari likikaa juani malengelenge yanatokea na kutu inaanza chini kwa chini. Sugueni pakavu kwa msasa namba 80, kisha 180, mmalizie 320. Maji yasubiri praima ya 2K ikauke, ndipo mtumie 800, kwa sababu fedha huonyesha kila mkwaruzo.

Kuchanganya kunategemea karatasi ya kampuni, si mazoea. Klia nyingi ni 2 kwa 1 na thina asilimia 5 hadi 10. Mlango mmoja unatoshwa na mililita 200 za klia, 100 za hadina na 20 za thina, kwa kupiga mara mbili. Pima kwa kikombe chenye mistari. Kupima kwa kifuniko cha soda ndiko kunakoleta klia inayokwaruzika kwa kucha wiki nzima baadaye. Hadina ikizidi, klia inakuwa ngumu na kupasuka. Thina ya kuoshea bunduki isiingie kwenye 2K hata tone. Na kopo la hadina lifungwe mara tu unapomaliza kumimina: unyevu wa hewa unaila. Ikiwa na ukungu au imeanza kuganda, itupe.

Unyevu huo wa ziwani ndio pia unaotia NC weupe miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Thina ya haraka inapoza uso wa rangi kiasi kwamba umande unatua juu yake. Tumia thina ya polepole, na maji ya kompresa yatolewe asubuhi na mchana. Vijishimo vya duara kwenye klia vinatokana na mafuta ya kompresa au silikoni ya kung'arisha dashibodi na matairi. Kinachosaidia ni vitambaa viwili, kimoja cha dawa ya kuondoa mafuta, cha pili kikavu mara moja nyuma yake.

Kuhusu fedha: soma kodi (namba ya rangi) kwenye kibati cha utambulisho wa gari, zile herufi zinazofuata C/TR. 1F7, kwa mfano, ni fedha ya Toyota. Hata kodi ikiwa sahihi, mkono unabadilisha rangi: ukipiga mbichi sana punje zinazama na kuwa nyeusi zaidi, ukipiga kavu inakuwa nyeupe. Piga kwanza kadi ya majaribio, iwekee klia, uilinganishe juani ukitazama usoni na kwa pembe. Kisha ififishe rangi taratibu kuelekea kwenye fenda na mlango wa nyuma, na klia ipigwe paneli nzima. Usikatishe fedha kwenye ukingo wa mlango, jicho litaona. Beisi iachwe dakika 10 hadi 15 mpaka isiwe inang'aa tena, ndipo klia. Ukiharakisha, thina inafungiwa na kutoboa vitundu.

Jambo ninalokuomba kwa moyo wote: hadina ya 2K ina isosianeti, kemikali inayoweza kukupa pumu ya kudumu, na huwezi kuinusa kwa wakati. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Bora ni ya hewa safi ya bomba. Kama haipo, tumia ya chujio za A2P2 (za mvuke wa kemikali na vumbi) mpya, mahali pa wazi, na vijana wanaojifunza wasisimame karibu bila zao.

Mlango ulale usiku kucha kabla ya kurudisha vitasa, na nta isubiri siku 30.