Ukitaka kuipandisha katuni jukwaani, anza kwa kuizima

Juzi mwalimu mwenzangu aliyeko Kondoa alinipigia. Wanafunzi wake wameangalia filamu moja ya katuni, imewaingia, na sasa wanataka kuiigiza yote siku ya mahafali, wimbo kwa wimbo. "Dada, wewe ulishafanya haya mambo. Naanzia wapi?" Tuliongea mpaka salio lake likaisha. Haya ni yale niliyokuwa sijamaliza kumwambia.

Nafundisha Kiswahili sekondari moja hapa Dodoma mjini, na kilabu cha sanaa kimekuwa mikononi mwangu kwa miaka kadhaa. Katuni nimezipandisha jukwaani mara mbili. Ya kwanza ilianguka vibaya sana, na ndiyo iliyonifundisha.

Ilikuwa The Lion King, kama ulivyokisia. Filamu ya mwaka 1994, dakika 88, wanafunzi wameikariri kama sala. Matatizo yalianza kwenye majina. Mzungu akisikia Simba anasikia jina zuri la Kiafrika. Sisi tunasikia simba. Fisi mmoja anaitwa Shenzi. Mimi nikiwa uwanjani napaza sauti, "Shenzi, rudi kwenye mstari!", na kesho yake mzazi yuko ofisini anauliza kwa upole wa kutisha ni kosa gani binti yake amefanya hadi mwalimu amwite vile mbele za watu.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Tulikata maboksi tukatengeneza vichwa vya wanyama vya kuvaa mzimamzima. Vilipendeza! Tatizo mfalme alipofungua mdomo ikawa kama mtu anayehubiri akiwa ndani ya tangi la maji. Nyimbo tulikuwa nazo kwenye flashi, biti tulizopakua mtandaoni, na spika mbili za kukodi. Kama dakika ya kumi na tano hivi, umeme ukakata. Watoto wakasimama wakanigeukia. Si kwamba walisahau maneno. Walikuwa wamezoea kuimba wakiwa wameegemea mashine, na mashine iliponyamaza hawakujua sauti ya kuanzia. Tulikaa gizani na wazazi wetu, mtu akaenda kutafuta jenereta, wengine wakaondoka taratibu wakisema wanawahi daladala.

Baadaye ndipo nilipokaa nikaangalia jinsi wenye filamu wenyewe walivyoipeleka jukwaani New York mwaka 1997. Muongozaji alikuwa Julie Taymor. Kinyago cha simba hakifuniki uso, kinakaa juu ya kichwa cha mwigizaji, na chini yake uso wa mtu uko wazi: unamwona simba na unamwona mtu. Nyika ni watu waliobeba majani vichwani. Ukame ukija, kitambaa kilichokuwa bwawa kinavutwa polepole kupitia tundu sakafuni hadi kinaisha. Mfalme akifa, simba majike wanavuta utepe mweupe kutoka machoni mwao. Hakuna anayedanganywa pale. Kila mtu anajua ule ni utepe, na kila mtu anaona machozi.

Nilijiona mjinga, nakiri. Mimi nilikuwa nimehangaika kuficha maboksi yasionekane maboksi. Katuni ina wachoraji mamia na miaka ya kazi. Inaweza kuchora vumbi la kwato za nyumbu chembe kwa chembe. Ukishindana nayo kwa picha umeshapoteza kabla hujaanza. Jukwaa linamwachia mtazamaji kazi ya kufanya, na mtu aliyeshiriki kazi hasinzii.

Kabla ya yote hayo, jambo la ruhusa. Ni kavu, lakini usiliruke. Filamu ina mwenyewe, nyimbo zake zina mwenyewe, na kuigeuza kuwa mchezo wa jukwaani ni haki ya huyo mwenyewe. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ipo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ya kuuliza. Walimu wengi tunadhani kwa kuwa hatutozi kiingilio basi mali imekuwa yetu. Haijawa. Kwa The Lion King yapo matoleo mafupi ya shule yanayotolewa kwa leseni, moja la dakika 60 na jingine la dakika 30. Kama una bajeti na shauku yako ni ile hadithi hasa, omba leseni ulale usingizi. Sisi bajeti yetu ilikuwa ya chaki.

Njia ya pili ni kuchungulia nyuma ya katuni. Nyingi zimetoka kwenye hadithi za zamani ambazo muda wake wa kumilikiwa umekwisha. Tuliichukua Pinocchio, hadithi ya kikaragosi cha mti ambacho pua yake hurefuka kikisema uongo. Filamu ni ya 1940 na ina wenyewe, lakini kitabu alikiandika Mwitaliano Carlo Collodi, kikatoka mwaka 1883, na yeye alifariki mwaka 1890. Hapo hata uhesabu vipi, uko salama. Angalizo moja tu: tafsiri mpya ya kitabu cha zamani ina haki zake, kwa hiyo isome ukaisimulie upya kwa maneno yako, usinakili.

Na kitabu chenyewe kitakushangaza. Nyenje mwenye busara, yule wa kwenye katuni anayeimba kwa ustaarabu, kitabuni anarushiwa nyundo na kufa mapema tu, kisha anarudi kama mzimu. Nyangumi hayupo, aliyemeza watu ni papa mkubwa. Hadithi ilitoka kwanza kwenye gazeti la watoto, na mahali pa kwanza ambapo Collodi alitaka kuikomesha ni pale kikaragosi kinaponing'inizwa mtini. Wanafunzi wangu waliposikia hivyo walikaa wima. Katuni ilikuwa imewapa sukari, wao walikuwa na njaa ya chumvi.

Sasa hilo la kuizima. Kabla ya kuandika mstari wowote, iangalie filamu mara moja skrini ukiwa umeifunika kanga, unasikiliza tu. Halafu iangalie tena bila sauti. Kila ambacho hukukielewa ukiwa umefunika kanga, kiandike: hicho ndicho kamera ilichokuwa inakibeba peke yake, na jukwaani kinahitaji mbebaji mwingine. Kwenye katuni mzee ananyamaza, uso wake unajaa skrini, tunajua anawaza nini. Kwenye uwanja wa shule, mama aliyekaa benchi la mwisho haoni macho ya mtu. Pale ndipo wimbo unapokaa. Si pale ambapo filamu iliweka wimbo.

Pua, kwa mfano. Kila mtu ataniuliza pua tulifanyaje. Tulitumia mabua ya mtama. Kagogo, kikaragosi chetu, akisema uongo, mwenzake anatoka pembeni waziwazi, anachomeka kipande cha bua mbele ya kile cha kwanza, anarudi. Uongo wa pili, mwingine anatoka. Kufikia wa nne, watoto waliokaa chini mbele walikuwa wananyanyuka kutaka kuchomeka wenyewe, na mmoja alichomeka.

Kagogo ndilo jina tulilompa kikaragosi. Mwanzo alikuwa Kigogo, na nilijisifu sana kwa jina hilo: ni gogo dogo, ni lugha ya wenyeji wetu, na ni mkubwa serikalini, vyote kwa neno moja. Mkuu wa shule akalisoma, akavua miwani, akauliza kama najua mgeni rasmi ni nani. Kikawa Kagogo.

Papa naye tulimbadilisha. Nusu ya darasa hawajawahi kuiona bahari. Tukamfanya kambale wa Bahi, kambale mzee aliyekataa kuvuliwa, mwili wake ukiwa kanga zilizoshonwa pamoja na wanafunzi kumi na wawili chini yake. Kuna dada mmoja alitaka tuchore magamba. Kambale hana magamba, na Dodoma hiyo wataisema mwaka mzima.

Nyimbo ndizo zitakazokutesa zaidi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Usichukue tuni ya kigeni ukaichomeka Kiswahili. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, neno linatua kwa ulaini. Tuni nyingi za Kiingereza zinamalizia kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho, na hapo mtoto analazimika kuimba "naenda shuLE", "nakupenDA". Masikio yanakataa hata kama mtu hajui kwa nini. Kijana wangu mmoja alitunga wimbo wa safari wenye neno barabara, na tuni ikavuta mkazo nyuma: baRAbara. Badala ya njia ya kwenda shule, ikasikika kama anasema mambo yamekwenda sawasawa. Wazazi walicheka mahali pa huzuni.

Dawa yake ni rahisi. Sema mstari kama unavyomwambia jirani, mara kumi, huku unapiga makofi. Usiimbe. Ukifika mara ya kumi, sauti yenyewe imeshaanza kupanda na kushuka, na hiyo ndiyo tuni yako. Wimbo wetu bora ulipatikana hivyo, darasani, bila kinanda.

Kinanda kiliombwa, lakini. Vijana waliona ngoma ni mambo ya wageni wa serikali kupokelewa uwanja wa ndege. Nikawachezea Hukwe Zawose kwenye simu, mwanamuziki wa ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze, aliyezunguka majukwaa ya dunia na alizaliwa Doduma, mkoa huu huu. Sikuhubiri zaidi. Wiki iliyofuata nikaenda kuwaona mama wa wanafunzi wawili, watu wa upande wa Chamwino, wanaopiga muheme. Ni ngoma ya akina mama, wanaibana katikati ya mapaja. Niliwasalimu "Mbukwenyi" kwa lafudhi yangu mbovu, wakacheka, wakakubali.

Siku ya kwanza ya mazoezi, Kagogo alikuwa anajaribu hatua zake za mwanzo za kutembea, magoti hayakunji. Mama mmoja hakuanza kupiga. Alimtazama miguu. Mvulana akainua mguu, ukakaa hewani, na mama akasubiri nao hewani. Ulipotua ndipo ngoma ikalia. Akayumba, ngoma ikayumba. Kimya kilichokuwa kati ya hatua na hatua kilichekesha kuliko hatua zenyewe. Flashi haiwezi kukusubiri mguu.

Maleba usijitese. London, mwaka 2017, National Theatre waliipandisha Pinocchio kwa kugeuza mambo: watu wazima ndio vikaragosi vikubwa, na kikaragosi ni mtu wa kawaida. Uwezo huo hatuna, ila ulinipa moyo wa kumwacha Kagogo na shati lake la shule.

Muda: saa kumi jioni, jua likiwa bado lipo, hakuna taa, hakuna umeme wa kuogopa. Watu wakae nusu duara kama kwenye ngoma, sauti zitafika. Na kama ni Julai, achana na mapazia ya nyuma. Upepo wa Dodoma ulichukua la kwetu likaenda kumfunika makamu mkuu.

Kipande nilichokipigania hakimo kabisa kwenye katuni. Kitabuni, mzee Geppetto, fundi aliyekichonga kikaragosi, hana hela ya kumnunulia mwanawe kitabu cha kusomea. Anatoka na koti, kwenye baridi, anarudi na kitabu, amebaki na shati. Mtoto anauliza koti liko wapi. Ameliuza. Kwa nini? Lilikuwa linamtia joto. Tulikuwa tumetunga wimbo mzima wa mzee kueleza mapenzi yake, beti tatu. Kwenye mazoezi ya mwisho nikaufuta, mtunzi akanuna siku mbili. Siku yenyewe, kijana alirudi jukwaani na shati, upepo ule unampiga, na kabla Kagogo hajauliza, mtoto wa chekechea aliyekaa mbele akasema kwa sauti, "Babu, koti lako je?" Kijana akamgeukia yule mtoto, si Kagogo, akajibu mstari wake. Muheme hazikulia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kambale na sikuweza kuwaita kumi na wawili wajipange.

Watu wakataka onyesho la pili, Ijumaa iliyofuata. Hilo ilibidi lianze saa tisa. Koti tuliliazima kwa mlinzi wa shule, na saa kumi na mbili anaingia lindo.