Niliyemfukuza ndiye aliyeshika tochi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ukiwa unatengeneza chombo chako mwenyewe, ukakosea na kukiharibu zaidi ya ulivyokikuta, zile hasira unazifanyaje? Nitajibu kwa habari ya pikipiki yangu na usiku mmoja wa mwezi wa saba ambao bado unaniuma.

Mimi ni bibi shamba katika mkoa wa Njombe. Vijiji vya kata yangu vimetawanyika milimani, na pikipiki ikikuzimikia katikati ya safari, unaweza kuisukuma saa nzima hujamwona fundi. Kwa hiyo nilijifunza kuziba pancha, kukaza cheni, kubadili oili, na taratibu nikajipa moyo wa kugusa injini. Yangu ni ya muundo wa CG, ule ambao Honda walianza kuutoa mwaka 1976 na viwanda vya China vikauiga. Ni injini isiyo na mambo mengi. Haina hata cheni ya taimingi, maana vali zake husukumwa na fito mbili, na mafundi wengi wanaifungua kwa mazoea tu. Nikasema hii naiweza.

Jumamosi hiyo asubuhi ilikataa kuwaka. Nilikuwa nimetia mafuta ya chupa kijijini siku ya Ijumaa, na mafuta ya chupa mnayajua, huja na uchafu wake. Leo najua kwamba ingetosha kulegeza skrubu ndogo iliyo chini ya kabureta, ile ya kumwagia, nikayaacha machafu yatoke kwenye kikombe chake, kisha nikapiga kiki. Kazi ya dakika tano. Lakini niliishusha kabureta yote, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na nilianza saa kumi jioni, huku nikijua kwamba Jumatatu alfajiri wakulima wa parachichi wananisubiri upande wa pili wa mlima.

Kosa la kwanza lilikuwa la jeti. Ni kitu kidogo cha shaba ndani ya kabureta, chenye tundu jembamba la kupitishia petroli, na tundu lenyewe hulioni mpaka uligeuzie kwenye mwanga. Nililiona limeziba. Nikachomoa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, nikalichokonoa mpaka nuru ikapita. Nilifurahi. Sikujua kwamba chuma cha waya ule ni kigumu kuliko shaba, na kwamba kila nilipousukuma na kuuvuta nilikuwa napanua tundu ambalo kiwandani wamelipima kwa uangalifu mkubwa.

Nilipofunga kila kitu, pikipiki iliwaka. Ikatoa moshi mweusi, ikakohoa, ikazima. Nikapiga kiki mpaka mguu ukatetemeka. Nikafungua plagi, nyeusi tii, imejaa masizi. Nikaifuta, nikairudisha, ikawaka, ikazima tena. Saa moja ikapita, jua likazama, na baridi ya Njombe ikashuka. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa saba vidole vinakufa ganzi hata ukiwa umejifunika.

Aliyekuwa ananimulikia ni mtoto wa dada yangu, wa miaka kumi na mmoja. Ameshika simu yangu tangu giza lilipoingia, amechuchumaa, hajalalamika. Ikafika mahali akasema, "Mama mdogo, mkono umechoka." Nami nikamgeukia kama niliyeumwa na nyoka: "Umechoka nini? Kazi yenyewe kushika tochi tu! Kama huwezi, ondoka, nenda ndani." Akaiweka simu juu ya kigoda polepole, akaondoka bila neno.

Hapo ndipo jibu langu kwa swali lenu lilipo, kwa hiyo niruhusuni nikae hapa kidogo. Sote tumekua tukiambiwa kwamba hasira hasara. Nilikuwa naielewa methali hiyo kwa upande wa vitu: utavunja, utapoteza fedha. Usiku ule niliona hasara inavyoanza. Pikipiki haina masikio, huwezi kuifokea ikaumia. Hasira ya mtengenezaji basi humtafuta mwenye masikio aliye karibu zaidi, na aliye karibu zaidi ndiye aliyekuja kukusaidia. Mimi nilimfukuza mtu aliyekuwa ameshika mwanga, kisha nikaendelea na kazi gizani.

Simu nikaibana kwa meno. Mwanga ukawa unacheza kila nilipopumua. Nikachukua plagi mpya, nikaipeleka kwenye tundu lake, ikashika kwa nusu mzunguko, ikawa ngumu. Plagi iliyoingia sawa huzunguka kwa vidole mpaka karibu na mwisho, na hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimeshaliona, nimeshalifanya mara nyingi. Lakini mtu aliyetoka kumfokea mtoto hataki kuambiwa kwamba bado anakosea, hata na plagi. Nikachukua spana ya plagi, namba 18, nikalazimisha. Ikakaza, ikalia kidogo, halafu ghafla ikawa laini. Spana ikazunguka bila kushika chochote.

Nilipoichomoa, kwenye uzi wa plagi, ile mikato yake ya skrubu, kulikuwa na unga unaometa. Ile ni alumini ya silinda hedi, kile kichwa cha injini ambamo plagi hufungwa. Plagi ni ya chuma, silinda hedi ni ya alumini, na plagi ikiingia upogo ukailazimisha, alumini ndiyo inayoliwa. Nikaitupa spana ikagonga ndoo ya maji. Ndani ya nyumba, redio ikapunguzwa sauti.

Jumatatu nilikwenda kwa wakulima wangu kwa bodaboda, na Jumanne nikaipakia pikipiki yangu kwenye gari la viazi kwenda kwa fundi mjini. Njia nzima nilikuwa natunga la kumwambia. Ni rahisi sana kusema "imeharibika tu, fundi, sijui imekuwaje", na nadhani wengi wetu tumewahi kusema hivyo. Nilipofika nikaona aibu ya kudanganya inazidi ile ya kukosea, nikamwambia: "Fundi, jeti nimeichokonoa kwa waya wa breki. Halafu plagi nimeiingiza upogo usiku, nikailazimisha."

Hakunicheka. Alisema, "Bibi shamba, umeniokolea siku nzima." Akanieleza kwamba angeletewa ile pikipiki bila maelezo, angeona uzi ulioliwa, angepeleka silinda hedi kwa mchongaji wa vyuma wakaitia bushi mpya yenye uzi mzima, angefunga kila kitu, na bado ingetoa moshi mweusi. Angeanza kutafuta ugonjwa kwenye pistoni na ringi, mahali ambapo hapana ugonjwa. Akaitoa jeti yangu, akaiweka sambamba na mpya, akazielekeza zote mbili juani. Tundu la kwangu lilikuwa limekuwa na umbo la yai. Akanionyesha namba ndogo iliyogongwa ubavuni mwa jeti, akasema hiyo namba ndiyo kipimo chake, ukishalipanua tundu, namba inabaki lakini kipimo hakipo.

Akaongeza jambo ambalo sijawahi kulisikia popote. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya pwani, kwa hiyo pikipiki iliyopangwa kwa hewa ya Dar es Salaam, ikipanda huku, tayari mafuta yake yamezidi hewa kidogo. Mimi nilikuwa nimeyazidisha juu ya hayo yaliyokwisha kuzidi. Akanitilia jeti iliyo chini kwa namba moja, na tangu siku hiyo plagi yangu nikiifungua naikuta na rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa, ndiyo rangi inayotakiwa.

Kazi yote ilichukua siku tatu. Kosa la waya peke yake lingenigharimu jeti, kitu ambacho hakifiki hata bei ya kilo moja ya nyama. Kosa la pili ndilo lililoleta mchongaji, gasketi, nauli na siku tatu za kudandia bodaboda. Ndiyo maana siku hizi simwogopi mtu anayekosea mara ya kwanza kwa kutojua, na mwenyewe sijilaumu kwa hilo. Ninachokihofia ni ile robo saa inayofuata, pale unapotaka kulifuta kosa kabla hata halijakupoa mikononi.

Kwa hiyo nafanyaje sasa? Nimejiwekea alama. Nikijisikia nimemjibu mtu kwa mkato, hata kama ni "subiri" tu iliyotoka vibaya, naweka spana chini. Nikijikuta natafuta bomba la kuongezea mpini wa spana ili nipate nguvu zaidi, naweka chini pia. Kisha naenda kunawa, na simaanishi kujipangusa kwa kitambaa. Nanawa kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka oili itoke kwenye kucha. Inachukua muda, na mikono ikishatakata huitamani tena kuirudisha kwenye oili usiku huo. Nakula. Hasira zangu nyingi, nikizichunguza kwa haki, zilikuwa njaa na haraka. Wapo wanaoniambia kwamba wao wameumbwa na moyo mwepesi, hawawezi. Sikubaliani nao. Mpe mtu huyo huyo mwanga wa mchana, chakula tumboni na siku nzima asiyodaiwa safari, umwone atakavyokuwa mpole na nati iliyoganda.

Bolti nazichomeka kwenye katoni nililolichora umbo la injini, kila moja mahali pake, na kabla ya kufungua napiga picha kwa simu. Kazi ya kabureta siianzi baada ya saa nane mchana.

Lakini kuna jambo ambalo kunawa mikono hakukulitosha. Siku mbili baada ya ule usiku nilimwita mtoto uani. Nikamwambia, "Baba, juzi nilikufokea. Tochi uliishika vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nimeharibu, tangu jioni, kabla mkono wako haujachoka." Akachora chini kwa kidole cha mguu, kisha akasema, "Mimi nilidhani niliitingisha tochi, ndiyo ikaharibika."

Siku mbili alikuwa amebeba pikipiki yangu moyoni mwake. Alisikia spana ikigonga ndoo, akaniona Jumatatu naondoka kwa bodaboda, na katika hesabu yake ya mtoto, yote yalitokana na mkono wake. Fedha nilizolipa kwa mchongaji nimeshazisahau. Hilo sijalisahau. Ninyi mnaotengeneza vyombo vyenu jioni huku watoto wamewashikia tochi, nawaomba sana, mwambieni mtoto kosa ni la nani, na mwambieni siku hiyo hiyo.

Fundi alinifundisha pia namna ya kurudisha plagi. Unachukua kipande cha mpira wa mafuta, urefu wa kiganja, unakichomeka juu ya plagi na kuizungusha kwa mpira huo badala ya spana. Kwanza unaizungusha kinyume, kama unayeifungua, mpaka uisikie imedondoka kidogo kwenye uzi wake, tuk. Hapo ndipo unaanza kuifunga. Ikiwa imekaa upogo, mpira utateleza tu juu yake, hauna nguvu ya kuharibu chochote. Spana inakuja mwisho kabisa, kwa kukaza.

Mwezi uliopita plagi ilifika wakati wa kubadilishwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri, lakini mtoto alikuja na simu, tochi imewashwa, akachuchumaa palepale pa siku ile. Nikampa mpira, simu nikaishika mimi. Akazungusha kinyume, sikio ameliinamisha karibu na injini. Akasimamisha mkono.

"Mama mdogo, umeisikia?"

"Sijaisikia. Rudia."

Akarudia taratibu, na safari hii tuliisikia wote wawili.