Vanishi ya kifaru inataka jua

Kifaru changu cha kwanza kizuri, cha plastiki cha mchezo wa mezani, nilikiharibu mwenyewe, Julai, barazani kwetu Njiro. Kilikuwa T-34 ya Warusi ya kipimo cha 1/72, bodi yake kama sentimita 8 tu, na nilikuwa nimekipaka kwa wiki mbili. Ikabaki vanishi, ile ya kukinga rangi. Nikapuliza saa moja asubuhi kabla ya kwenda kazini, ukungu bado umekaa juu ya migomba. Niliporudi jioni nikakikuta cheupe, kama kimenyunyiziwa unga wa sembe.

Ndiyo maana namwambia kila anayeanza kupaka vifaru vya mchezo wa mezani hapa Arusha: ogopa unyevu kuliko kutetemeka kwa mkono. Vanishi isiyong'aa ya kupuliza ikikutana na hewa yenye maji huganda na weupe. Subiri saa sita au saa saba mchana, jua limewaka. Loweka kopo dakika chache kwenye beseni la maji ya uvuguvugu (usilisogeze kamwe karibu na jiko), litikise mpaka mkono uchoke, kisha puliza kwa umbali wa sentimita 25 hivi. Mara moja kwa wepesi, acha ikauke, rudia. Masika mvua ikikaza, mimi sipulizi kabisa; natumia vanishi ya maji kwa brashi.

Na kikishakuwa cheupe usikitupe. Changu nilikipaka vanishi ya kung'aa kwa brashi, kijani kikarudi karibu chote. Siku kavu iliyofuata nikapulizia ile isiyong'aa juu yake.

Kabla ya hapo kazi si ngumu. Osha plastiki kwa sabuni, paka praima (rangi ya chini inayoshikiza nyingine), halafu rangi uliyoizimua mpaka iwe kama maziwa, mikono miwili au mitatu. Rangi nzito hufukia ribiti, vile vichwa vidogo vya misumari kwenye bodi, na ribiti zikishafukiwa hazirudi. Kahawia nyepesi iache itiririkie kwenye mifereji. Mwisho chovya brashi kwenye rangi iliyofifia zaidi, ifute kwenye karatasi mpaka ikaribie kukauka, upitishe kwenye kingo.

Chunguza pia mwaka wa vita unayoicheza. Wajerumani walianza kutumia manjano iliyofifia kama rangi ya msingi Februari 1943, kwa hiyo Tiger, kifaru chao kizito, ya mapigano ya Kursk kule Urusi, Julai mwaka ule, usiipake kijivu.

Matope nilifundishwa na mjomba, aliyekuwa vitani Kagera. Nilimwonyesha Type 59 ya Kichina, aina iliyotumiwa na jeshi letu, nikiwa nimeipaka vumbi sawasawa kila mahali. Akaigeuza kiganjani, akaweka kidole kwenye minyororo. "Huku chini matope yanashikana, mwanangu. Juu ni vumbi tu, na pale askari wanapokanyaga wakipanda, rangi inachubuka."

Nikachukua brashi, nikaanza na magurudumu.