Tumbo limeanza kuonekana, nifanye mazoezi ama nitulie?

Wamama wangu, tangu Jumapili simu imejaa maswali ya mazoezi na mimba. Mimi kazi yangu ndio hii, miaka sasa nasimamia wajawazito wakifanya mazoezi hapa Nairobi, kwa hivyo nimechukua saba nijibu moja moja. Kabla tuanze, kama daktari ama nesi ameandika kitu kwa kitabu chako cha kliniki, hicho ndicho kinatangulia, mimi nakuja nyuma.

Niko miezi mitano, naishi Pipeline ghorofa ya sita na hakuna lifti. Mama mkwe anasema nisipande ngazi wala kutembea sana, mtoto atashuka. Ni kweli?

Mama mkwe anasema hivyo juu anakupenda na anamngoja huyo mjukuu, usimjibu vibaya. Lakini mtoto hashuki kwa sababu ya ngazi. Kama mimba haina shida, Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa hivi siku tano, na kutembea ni mazoezi kamili. Kama hukuwa umezoea anza na dakika kumi, wiki ijayo uongeze kidogo. Kipimo ni mdomo wako: ukipanda na jirani mkipiga story na unamaliza sentensi bila kuhema, uko sawa, ukianza kutoa neno moja moja simama pale ngazi inakata kona upumue mpaka urudi. Mimi kinachonitisha kwa hizo ploti ni giza na maji ya kufua yamemwagika kwa ngazi, na sahii tumbo limesukuma uzito mbele, balansi si ile ya zamani. Vaa raba, wacha patipati, na mkono mmoja uwe kwa ukuta kila wakati.

Mimi ni mama fua, nabeba maji na kuinama siku nzima. Si hiyo ni mazoezi tosha?

Dada, hili swali limenigusa sana. Mwili unafanya kazi ndio, lakini mazoezi unaamua wewe mwenyewe unaanza lini na unapumzika lini, kazi ya kufulia watu haikuulizi. Kwa hivyo sitakuambia uende ukimbie jioni, wewe unahitaji kupunguziwa. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, usiubebe mzima, gawa kwa vindoo vidogo ama uombe kijana wa ploti akupandishie. Ukiinua kitu piga magoti, kiweke karibu na mwili, toa pumzi ukiinuka, usizuie pumzi. Halafu karai: najua wengi mnaliweka chini kwa simiti mnakunja mgongo kama ndoano masaa matatu. Liweke juu ya stuli ama meza ya chini, ufue ukiwa umesimama mguu mmoja mbele, ama ukae. Homoni za mimba zinalegeza viungo ndio maana mgongo na kiuno vinauma haraka kuliko zamani. Jioni lala kwa ubavu na mto katikati ya magoti, zungusha vifundo vya miguu mara kama ishirini, hayo ndio mazoezi yako ya hiyo siku na yanatosha.

Nilikuwa nabeba chuma jimu kabla nishike mimba. Mwalimu sasa ananiogopa. Niache?

Usiache, punguza. Uzito mwepesi na marudio mengi, kuskwoti bila kushuka chini sana, baiskeli ya jimu isiyosonga, na kuogelea ni tamu sana juu maji yanakubebea tumbo. Acha vitu za kuruka ruka, mieleka, mpira wa kugongana na chochote unaweza kuanguka nacho. Na kuanzia karibu wiki ya 20 usifanye mazoezi ukiwa umelala chali muda mrefu, juu tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwa moyo, unaskia kizunguzungu na mtoto naye anapata damu kidogo. Geukia ubavu. Kunywa maji, na usifanye ndani ya chumba cha joto kali.

Nikitembea kidogo tu naskia kizunguzungu na moyo unapiga mbio. Pia nakula mawe, siwezi kuacha.

Simamisha mazoezi kwanza uende kliniki wakupime damu, wiki hii, si mwezi ujao. Hamu ya mawe na udongo mara nyingi inaenda pamoja na damu kuwa chini, na udongo wenyewe unaweza kuzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, unaweza pia kukuletea minyoo. Sikuchekelei, wamama wengi wananiambia venye wanaskia ile harufu ya mvua kwa vumbi mate yanajaa. Meza vile vidonge vya damu ulivyopewa, na usiviteremshe na chai, chai inaharibu kazi yake, tumia maji ama chungwa. Damu ikipanda tutarudi barabarani pamoja.

Na kwa kila mtu anayesoma hapa: ukiwa kwa mazoezi uone damu, maji yanatoka chini, kifua kinauma, kichwa kinapasuka ama macho yanaona ukungu, mguu mmoja umevimba na unauma, tumbo linakaza na kuachia mara kwa mara, ama mtoto amepunguza kucheza, hiyo si ya kulala ungoje asubuhi. Nenda hospitali.

Wiki ya 32, nikicheka ama kupiga chafya mkojo unatoka. Aibu.

Hakuna aibu mama, wengi wako hivyo. Kaza misuli kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi pamoja, hesabu hadi tano, achilia pole pole, mara kumi, mara tatu kwa siku. Hata kwa matatu hakuna mtu atajua. Lakini usifanye ukiwa unakojoa.

Nimeambiwa kondo la nyuma liko chini, naweza kutembea msitu wa Karura na marafiki?

Hapana, mpaka daktari wako mwenyewe akuruhusu. Hivyo hivyo kwa mwenye presha ya mimba, aliyeshonwa mlango wa kizazi, ama anayebeba mapacha na ameonywa kuzaa mapema.

Nilizaa kwa operesheni wiki tatu zilizopita, nataka kurudi kukimbia.

Pole pole mama. Umesikia Faith Kipyegon, mkimbiaji wetu? Alijifungua 2018, akarudi mashindanoni 2019 karibu mwaka mzima baadaye, akachukua medali ya fedha mashindano ya dunia Doha, halafu 2021 dhahabu ya Olimpiki Tokyo, zote kwa mita 1,500. Huyo ni bingwa na bado alingoja. Wewe sahii tembea ndani ya ploti dakika tano, kumi, fanya ile ya kukaza misuli niliyosema hapo juu, usiinue kitu kizito kuliko mtoto. Wiki ya sita uende wakuangalie kidonda, na mbio zingoje mpaka angalau miezi mitatu. Kidonda kikiwa chekundu, kina joto ama kinatoa usaha, rudi hospitali leo.