Maswali yenu kuhusu "the", leo nayajibu

Wiki iliyopita niliomba mniulize chochote kuhusu neno "the", maana kwenye tuisheni yangu ya jioni hakuna neno linalowatesa watu kama hili, na meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechukua hizi.

Shikamoo mwalimu. "The" kwa Kiswahili ni nini? Kwenye kamusi sijapata neno lake. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Hujapata kwa sababu neno moja la kulitafsiri halipo, ila maana yake tunayo na tunaitumia kila siku. Angalia hapa, ukiniambia "nimeona kitabu mezani" mi naelewa ni kitabu tu, sijui kipi. Ukisema "nimekiona kitabu" hapo najua ni kile tulichokuwa tunakitafuta toka asubuhi. Hiyo "ki" ya katikati ndo imefanya kazi ya "the". Au unapiga stori, unaanza "alitokea mzee mmoja", ukimrudia unasema "yule mzee akanyamaza", sasa huyo wa kwanza Mwingereza atasema "an old man" na wa pili atasema "the old man". Kwa hiyo wanaosema Kiswahili hakina kitu kama "the" mi sikubaliani nao kabisa, hatuna neno la kubandika mbele ya kila nomino lakini ile hesabu ya kichwani, kwamba hiki kitu tunakijua wote wawili au ndo nakitaja mara ya kwanza, tunaipiga toka utotoni. Ukikwama isemee sentensi yako kwa Kiswahili kwanza, ukisikia "ile" au hiyo "ki" inataka kuingia, weka "the". Angalizo tu, kwa watu na wanyama usiitegemee hiyo njia maana "nimemwona mtoto" tunasema hata kama mtoto mwenyewe hatumjui, hapo sikilizia "yule".

Kuna wanaosema "dha", wengine "dhi", wengine "za". Ipi ndo yenyewe? (Msomaji, Nakuru)

Mbili za kwanza zote sawa. Kinachofuata kikianza na sauti ya konsonanti unasema "dha", kikianza na irabu unasema "dhi". Nimesema sauti, sio herufi: "the hour" ni dhi kwa sababu hiyo h haisikiki, na "the university" ni dha kwa sababu mdomoni inaanza na "yu".

Ila "za" hapana, na hii inaniuma kwa kweli, maana Mfaransa na Mjerumani hiyo sauti kwenye lugha zao haipo, wanaanza kujifunza sifuri, sisi tunayo tayari kwenye dhahabu, dhambi, dhoruba, tuliipata kwa Waarabu na ukienda Unguja au Mombasa utawasikia wanaitamka vizuri tu. Tatizo wengi wetu huku bara tunasema "zahabu". Nilikuwa na mwanafunzi mmoja mtu mzima, miezi miwili anasema "za book", nikamwambia achana na Kiingereza, sema "fedha", toa ncha ya ulimi kidogo katikati ya meno uache sauti itetemeke. Akarudia fedha, fedha, fedha, nikamwambia sasa kata "fe" bakiza mwisho. Ikatoka "dha" safi, akakaa kimya kidogo halafu akaisema tena mwenyewe. Jaribu na wewe.

Mwanangu yuko Uingereza, kanitumia picha ya duka limeandikwa "Ye Olde". Hiyo "ye" ni nini? (Msomaji, Tanga)

Mama, hiyo ni "the" yenyewe. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita Kiingereza kilikuwa na "the" nyingi, zinabadilika kufuata jinsia ya nomino kama sisi tunavyofuata ngeli: "se" ya kiume, "seo" ya kike, na ya tatu ndo imebaki hadi leo kama "that", kwa hiyo "the" na "that" ni ndugu wa damu. Sauti ya th ilikuwa na herufi yake, þ, inaitwa thoni. William Caxton alipopeleka mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, herufi za chuma zilitoka Ulaya bara na hiyo thoni hamna, na kwenye mwandiko wa mkono thoni ilishafanana sana na y, basi wachapaji wakaweka y. Wasomaji wa wakati huo wakiiona walisoma "the" tu. Kwenye maduka ya leo imewekwa kuvutia wateja.

"The sooner the better", hizo "the" mbili za nini? (Msomaji, Kigoma)

Hizo asili yake ni umbo lingine la zamani lenye maana ya "kwa kiasi hicho". Ni ile "kadiri" na "ndivyo" yetu, usiitafutie kitu kinachojulikana humo.

Kwa nini "The Gambia" lakini "Kenya" peke yake? (Msomaji, Eldoret)

Mito inachukua "the", na Gambia imepewa jina la mto, alafu wenyewe walitaka ibaki ili watu wasiichanganye na Zambia. Congo pia ni mto, ndo maana kwenye jina rasmi la DRC kuna "the" mbili, moja ya jamhuri moja ya mto. Bahari zinachukua, ziwa moja moja na mlima mmoja mmoja hauchukui. Kwa hiyo "the Lake Victoria" na "the Mount Kenya" tuache.

Niliandika "My mother is in the hospital", mwalimu akanikata maksi. Nilikosea? (Msomaji, Mbeya)

Inategemea mama alikuwa anafanya nini huko, mwanangu. Kwa Mwingereza "in hospital" ni amelazwa, "in the hospital" yumo tu kwenye jengo, labda kaenda kumwona mgonjwa. Mmarekani anasema "in the hospital" hata kwa aliyelazwa, kwa hiyo mi ningekupa maksi yako. Ila jela uwe makini: "he went to prison" kafungwa, "he went to the prison" kaenda kumsalimia mtu.

Naomba kazi ya udereva, niandike "a job" au "the job"? (Msomaji, Dar)

Tangazo wamelitoa wao, kazi wanaijua, wewe pia umeisoma, hiyo ni "the". Andika "I am applying for the job of driver which you advertised". Ukiandika "a job" wataona unataka kazi yoyote ile. Peleka hivyo kesho asubuhi, wakikujibu nitumie meseji.