Re: Log Cabin ya vipande vya kitenge inanimalizia muda na kitambaa

Dada pole kwa hiyo Log Cabin (pateni ya kwilti, stripu zinashonwa kuzunguka kiraka cha katikati) kukumalizia muda na kitambaa, ila tatizo ni hizo stripu zako za inchi 1½. Mshono unakula robo inchi kila upande, yaani theluthi nzima ya kitambaa inaishia ndani! Kata za inchi 2½, unapoteza moja ya tano tu na raundi za kuzungusha stripu zinapungua. Halafu usikate kila kipande kwa urefu wake, laza stripu ndefu kwenye cherehani, panga juu yake viraka vya katikati kimoja baada ya kingine, shona mfululizo bila kukata uzi, ukimaliza ndo unatenganisha na mkasi, piga pasi, endelea upande wa pili. Vitenge vya rangi nzito viweke nusu moja ya kila mraba na vyepesi nusu nyingine, ukichanganya hovyo pateni haionekani kabisa.