Akiachika, atarudishwa?

Shangazi, wewe na baba wadogo mmeniuliza: binti yetu aliyeolewa na raia hapa Marekani, ndoa yake imeharibika, je, akiachika atarudishwa? Mkaongeza avumilie mpaka apate makaratasi. Nawaomba sana, msimshauri hivyo.

Jaji wa mahakama ya familia hamfukuzi mtu nchini. Yeye ni wa jimbo, anaamua talaka, watoto na matunzo. Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu. Ila hukumu anayoitia saini jaji huyo, ofisa wa uhamiaji ataisoma, na inaweza kumwokoa mtu au kumharibia.

Binti yetu alipata ukaazi ndoa haijafikisha miaka 2, kwa hiyo grinikadi yake ni ya masharti, muda wake ni miaka 2. Kwa kawaida mume na mke huomba pamoja masharti yaondolewe, kwa fomu I-751, katika siku 90 za mwisho. Mume anaijua tarehe hiyo na anamtishia nayo: sitii saini, tuone utakwenda wapi. Huo ni ukatili, na nimeuona kwenye nyumba nyingi za watu wetu. Asichomwambia ni kwamba talaka ikishakamilika mahakamani, sheria inamruhusu mke kuomba peke yake, mradi aonyeshe ndoa ilikuwa ya kweli: mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja, ritani za kodi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama alikuwa akipigwa, hana haja hata ya kusubiri talaka. Basi hukumu mnayoiogopa ndiyo karatasi anayoihitaji. Azikusanye nyaraka hizo sasa, na aonane na mwanasheria wa uhamiaji kabla kesi ya talaka haijafika mbali.

Kwa asiye na kadi kabisa ni vigumu zaidi, maana ombi la mume kwa kawaida hufa na ndoa. Hata hivyo, aliyenyanyaswa na mume raia ana sheria ya mwaka 1994 inayomruhusu kujiombea, na akishaachika ana miaka 2 ya kufanya hivyo. Inawahusu wanaume pia.

Wajomba nao wasikie. Kwetu ugomvi wa nyumbani humalizwa na wazee. Huku jaji akikuandikia amri ya zuio usimkaribie mkeo, usimkaribie, hata akikupigia mwenyewe kukuita chakula, mpaka mahakama iibadilishe. Tangu 1996, kuvunja amri ya namna hiyo kunaweza kumfukuzisha hata mwenye grinikadi. Na anayekataa kwa makusudi kulipa matunzo ya mtoto, ombi lake la uraia linaweza kukwama hapo.

Kuna jambo mnaloweza kulisimamia huko huko. Kijana aliyetengana na mkewe kimyakimya asioe huku kabla hajapitia baraza la usuluhishi na mahakama ikavunja ndoa ile, kama Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inavyotaka. Vinginevyo ndoa ya huku ni batili, na grinikadi iliyoombwa kwa ndoa hiyo haina miguu.